Kupaka gari waksi nje, bila banda

Inawezekana kabisa. Banda si lazima, muhimu bodi iwe imepoa. Osha na upake waksi asubuhi mapema au jioni, kwenye kivuli cha ukuta (cha mti hapana, utomvu na ndege watakuharibia kazi). Weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, subiri. Kwenye bodi ya moto maji hukauka kabla hujafuta, na madini yaliyomo huacha madoa meupe. Nilijifunza hilo kwa gari langu jeusi. Fanya kipande kimoja kimoja, ukianzia juu. Ila mipako ya seramiki (kimiminika kinachoganda kuwa tabaka gumu juu ya rangi) usijaribu nje: vumbi likinasa humo ikakauka, utalitoa kwa kupiga polishi upya.