Maswali ya Wasomaji: Andiko la Kuomba Ruzuku ya Utafiti wa Teknolojia Ulaya

Safu ya toleo hili inajibu barua za wasomaji wanaojiandaa kuomba ruzuku chini ya Horizon Europe, programu ya Umoja wa Ulaya ya utafiti na ubunifu iliyoanza mwaka 2021 na itakayofikia ukomo mwaka 2027, iliyoanza na bajeti ya takriban yuro bilioni 95.5. Barua zimefupishwa.

Mpendwa Mshauri, mimi ni mhadhiri wa sayansi ya kompyuta. Profesa mmoja niliyekutana naye kwenye kongamano ameialika idara yangu ijiunge na kundi lake kuomba ruzuku ya mradi wa kutengeneza programu inayotambua mapema hitilafu za mitambo ya viwandani. Ametutumia kurasa mbili za wazo na kututaka tuandike mchango wetu. Imebaki miezi minne kabla ya tarehe ya mwisho, na sijawahi kuandika andiko la aina hii. Nianzie wapi?

Ndugu mhadhiri, mchango wenu usubiri kwanza. Fungua programu ya kazi ya Tume ya Ulaya, yaani hati inayoorodhesha mada zinazotengewa fedha na masharti yake, tafuta mada ambayo profesa anailenga, kisha isome taratibu ukiwa na kalamu mkononi, kwa sababu andiko la Ulaya halishindanishwi kwa uzuri wa wazo peke yake, bali kwa namna linavyojibu maneno yaliyomo katika mada hiyo. Kila mada ina sehemu mbili ambazo huna budi kuzijua vizuri: matokeo yanayotarajiwa, na upeo wa kazi. Chukua kila tokeo linalotarajiwa, liandike upande wa kushoto wa karatasi, na upande wa kulia andika ni mshirika gani atakayelileta na kwa kazi ipi. Mahali utakapokosa jina la kuandika ndipo palipo na pengo la mradi wenu, na ni heri mlione ninyi leo kuliko watathmini walione baadaye.

Angalia pia aina ya mradi unaoombewa fedha. Mradi wa utafiti na ubunifu hulipiwa hadi asilimia 100 ya gharama zinazokubalika, ilhali katika mradi wa ubunifu, ambao huwa karibu zaidi na soko, kampuni za kibiashara hulipiwa hadi asilimia 70, na taasisi zisizo za kibiashara huendelea kulipiwa hadi asilimia 100. Tofauti hii hugusa pia kiwango cha ukomavu wa teknolojia, kinachopimwa kwa ngazi ya 1 hadi 9. Ikiwa mada inataka mradi ufikie ngazi ya 6, yaani teknolojia ionyeshwe ikifanya kazi katika mazingira yanayofanana na yale halisi, basi andiko linaloishia kwenye majaribio ya maabara halijajibu swali, hata kama sayansi yake ni ya hali ya juu.

Baada ya hapo mwandikie profesa umwombe mambo matatu bila kuona haya: fungu la kazi, yaani sehemu moja ya mradi yenye majukumu na muda wake, ambalo idara yako itashiriki au kuliongoza, idadi ya miezi ya kazi ambayo watu wako wametengewa, na majina ya washirika wengine. Sheria ya msingi inadai taasisi zisizopungua tatu zinazojitegemea, kutoka nchi tatu tofauti zilizo wanachama wa Umoja wa Ulaya au zenye makubaliano ya kushiriki katika programu, na angalau moja kati yake iwe ndani ya nchi mwanachama. Hicho ni kiwango cha chini tu. Miradi mingi ya teknolojia huwa na washirika wengi zaidi ya hapo. Rai yangu, ambayo nimeishikilia kwa muda mrefu, ni kwamba mshirika asiye na kazi ambayo wengine hawawezi kuifanya anapaswa kukataa mwaliko kwa heshima, kwa kuwa watathmini humwona mara moja na huandika kwamba muungano wa washirika haukupangwa vizuri.

Sasa ndipo uandike mchango wenu. Usimtumie mratibu, ambaye hapa ni profesa wenu, aya tatu za historia ya idara. Mtumie maelezo ya kazi yanayoweza kuingia kwenye andiko moja kwa moja, kwa mfano: "Idara itatengeneza na kujaribu njia ya kufunza programu kwa data za mitetemo ya mashine bila data hizo kuondoka kiwandani, kazi itaanza mwezi wa 4 wa mradi na kuisha mwezi wa 20, itatoa toleo la kwanza la programu mwezi wa 12 na ripoti ya ulinganisho mwezi wa 20, itategemea data kutoka viwanda viwili washirika." Mratibu akipata maelezo ya namna hiyo hahitaji kubahatisha, na wewe umejihakikishia kwamba kilichoandikwa ndicho utakachotakiwa kukitekeleza, maana ruzuku ikipatikana maelezo hayo huwa sehemu ya mkataba.

Kuhusu miezi minne mliyobakiwa nayo, inatosha ikiwa muundo wa mafungu ya kazi na bajeti ya awali vitakubaliwa ndani ya mwezi wa kwanza. Maandiko mengi huharibika kwa sababu washirika wanaendelea kubishania nani afanye nini wakati walitakiwa kuwa wanasahihisha rasimu ya tatu.

Mshauri, kampuni yetu ndogo ya programu ilishiriki katika andiko lililopata alama 12 kati ya 15. Tuliambiwa limefaulu, ila halikupata fedha. Imewezekanaje, na tufanye nini tukiomba tena?

Kila andiko husomwa na wataalamu wa nje, kwa kawaida wasiopungua watatu, ambao kila mmoja hulipima peke yake kabla ya kukutana na kukubaliana alama za pamoja. Vigezo ni vitatu: ubora wa kisayansi, athari za mradi, na ubora wa utekelezaji. Kila kigezo kina alama 5. Kwa kawaida andiko halina budi kupata angalau 3 katika kila kigezo na jumla isiyopungua 10. Mkivuka hapo mmefaulu, lakini fedha hugawiwa kwa kufuata orodha kuanzia juu hadi bajeti ya mada iishe. Mada nyingi zina fedha za kutosha miradi michache tu, na kwa hiyo alama 12 zinaweza kuwaacha nje ya mstari bila andiko kuwa baya. Kwa miradi ya ubunifu, alama za athari huzidishwa kwa 1.5 wakati wa kupanga orodha.

Chukueni ripoti ya tathmini mliyotumiwa na mtafute ni wapi alama zilipotea. Bila kuiona, ningeanza kutazama sehemu ya athari, kwa kuwa timu za wahandisi huiandika mwishoni, zikiwa zimechoka, na kuijaza maneno mapana. Tazama sentensi hii: "Mradi utaongeza ushindani wa viwanda vya Ulaya." Mtathmini hana la kuipima. Linganisha na hii: "Ifikapo mwezi wa 30, viwanda viwili vilivyomo katika muungano vitakuwa vimetumia programu kwenye mashine zao kwa miezi sita mfululizo, saa za kusimama kwa mashine zikilinganishwa na zile za mwaka uliotangulia, matokeo hayo yatatumiwa na kampuni mshirika kuiuza huduma kwa viwanda vingine vyenye mashine za aina hiyo, na kikwazo kikuu, ambacho ni viwanda kuogopa kutoa data zao, kitashughulikiwa na kazi ya fungu la tatu." Hapa pana mtumiaji, muda, kipimo, kikwazo na njia ya kukiondoa. Sehemu nzima ya athari inapaswa kuandikwa kwa uzito huo, ikitenganisha mambo matatu ambayo wengi huyachanganya: kuutangaza mradi kwa umma, kuwafikishia matokeo watu wanaoweza kuyatumia, na kuyatumia matokeo yenyewe, kwa biashara au kwa sera.

Mkumbuke jambo moja ambalo huwaumiza waombaji wazuri. Watathmini huelekezwa kupima andiko kama lilivyowasilishwa, si kama ambavyo lingekuwa baada ya kurekebishwa. Zamani mtathmini angeweza kupendekeza mshirika aongezwe au kazi ipunguzwe. Sasa upungufu huo hupunguza alama moja kwa moja, na kauli ya "maelezo zaidi yatatolewa mradi utakapoanza" ni sawa na kukubali kupoteza nusu alama kila inapotokea.

Mpendwa Mshauri, mimi ndiye mhasibu wa kituo chetu cha utafiti. Watafiti wameniomba niandae bajeti na wananiambia "weka asilimia 25". Asilimia 25 ya nini?

Dada mhasibu, ni asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja, ikiwa ni fidia ya gharama za uendeshaji kama umeme, ofisi na utawala, na haihitaji risiti. Tuseme mtafiti anagharimu yuro 5,000 kwa mwezi na mmetengewa miezi 36 ya kazi: hiyo ni yuro 180,000. Ongeza safari yuro 12,000 na vifaa yuro 8,000, upate 200,000. Asilimia 25 yake ni 50,000, na jumla inakuwa 250,000. Lakini mkiwa na kazi ya yuro 20,000 mtakayompa mkandarasi wa nje, fedha hizo huongezwa mwishoni bila kuhesabiwa katika ile asilimia 25, na jumla inakuwa 270,000. Kwa vifaa, jihadhari: isipokuwa mada iseme vingine, kinacholipwa ni uchakavu wa kifaa kwa muda na kiwango kilichotumika katika mradi, wala si bei yote ya ununuzi.

Uliza pia kama mada inalipa kwa mkupuo. Katika utaratibu huo kila fungu la kazi hupangiwa kiasi maalumu, na fedha hulipwa fungu linapokamilika bila kuwasilisha ripoti za gharama halisi, ingawa wakati wa kuomba bado mtadaiwa jedwali la kina la gharama. Hapo fungu la kazi linalodumu mradi mzima, kama lile la usimamizi, ni afadhali ligawanywe kufuata vipindi vya ripoti, la sivyo malipo yake yatasubiri hadi mwisho.

Taasisi iliyo nje ya Ulaya inaweza kupewa fedha hizi? Na programu itakayotengenezwa itakuwa mali ya nani?

Taasisi za nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, zikiwamo Kenya, Tanzania na Uganda, zinaweza kupewa ruzuku, ila hazihesabiwi katika zile taasisi tatu za msingi. Baadhi ya mada za teknolojia nyeti, kama kwanta na anga za juu, huwekewa mipaka ya ushiriki, kwa hiyo soma masharti ya mada husika. Matokeo ni mali ya mshirika aliyeyazalisha. Programu na data mnazoingia nazo mradini ziorodheshwe katika makubaliano ya washirika, na msikubali jambo hilo libaki la maneno matupu.

Mratibu wetu anasema tutawasilisha siku ya mwisho alasiri. Je, kuna hatari?

Ipo. Mfumo hufungwa saa 11 kamili jioni kwa saa za Brussels, na andiko lililochelewa kwa dakika moja halipokelewi. Mwambieni awasilishe toleo kamili siku kadhaa kabla, kwa kuwa mfumo unaruhusu kuwasilisha tena hadi muda uishe, na toleo la mwisho ndilo hubaki. Siku hizo zitumike kuhakikisha kwamba kurasa hazijazidi ukomo, maana zilizozidi watathmini hawazioni, na kwamba tarakimu za bajeti kwenye fomu ya mtandaoni zinafanana na zile za jedwali la miezi ya kazi ndani ya andiko.