Magoti ya mama yalipopona ghafla

Yule bwana nilimwona mara ya kwanza ndani ya matatu pale Odeon, Nairobi, gari likingoja kujaa. Alikuwa na mkoba wa ngozi na sauti ya mhubiri, akiuza dawa ya minyoo kwa shilingi 50. Miaka miwili baadaye alikuwa na chumba ghorofani River Road, koti jeupe, na kipindi cha redio ambamo watu walipiga simu kushuhudia. Sasa alikuwa na kapsuli moja ya kutibu kisukari, presha, pumu, baridi yabisi na nguvu za kiume. Kopo lilikuwa shilingi 3,500.

Mama yangu, anayeishi Kayole, alinunua.

Na dawa ile ilifanya kazi. Siku ya nne, mama aliyekuwa akishuka ngazi kinyumenyume kwa ajili ya magoti alirudi sokoni na kiondo kimejaa. Alikula, akaimba jikoni. “Mwanangu, Mungu amenikumbuka,” aliniambia. Akaacha metformin, dawa zake za kisukari za kliniki. Pesa za makopo mawili zaidi nilimtumia mimi.

Wiki ya sita mashavu yalikuwa yamemvimba, uso umekuwa mviringo. Alikunywa maji bila kukata kiu na kuamka kukojoa kila saa. Mashine ya jirani ya kupima sukari ilisoma 27, kiwango cha hatari. Tulimkimbiza hospitalini usiku uleule.

Daktari wa zamu alimwuliza, “Mama, magoti yanauma?” Hayakuuma hata kidogo. Akaomba kopo, akafungua kapsuli moja juu ya kisahani: unga wa kahawia wenye harufu ya majani makavu, na ndani yake chembe nyeupe laini. Alisema bila maabara hawezi kuapa, lakini uso ule na sukari ile vilimfanya ashuku steroidi, kama deksamethasoni au prednisoloni.

Steroidi ni dawa halali na hospitali huzitumia kila siku. Hutuliza uvimbe mwilini, kwa hiyo goti hunyamaza, kifua cha pumu hufunguka, ngozi huacha kuwasha, hamu ya chakula hurudi. Mtu akizificha ndani ya mitishamba anapata kopo linaloonekana kutibu kila kitu, huku sukari na presha zikipanda, mifupa ikidhoofika na kinga ikishuka. Sidhani wale wa redioni walikuwa wakidanganya. Walipiga simu wakiwa bado wiki ya kwanza.

Kwa hiyo, ukiona mzazi wako amepata nafuu ya ajabu kwa dawa isiyojulikana, usiimwage chooni kwa hasira. Mimi nilitaka kufanya hivyo, daktari akanizuia. Mwili uliozoea steroidi za nje kwa wiki kadhaa huacha kutengeneza zake za kutosha, kazi inayofanywa na tezi zilizo juu ya figo. Ukikata ghafla, presha yaweza kuanguka, mgonjwa akatapika, akazirai, hata akafa. Mama alipewa dozi inayojulikana, ikapunguzwa polepole. Mpeleke hospitalini leo, na kopo lenyewe mkononi.

Wala usimkaripie. Hili lilinichukua muda kulielewa. Kule River Road mama aliketishwa kwenye kiti, akaulizwa habari za wajukuu, akasikilizwa nusu saa nzima. Kliniki alipanga foleni tangu alfajiri, akapata dakika tatu. Siku hizi naenda naye, na maswali yake tunayaandika usiku kabla ya kulala.

Kuhusu muuzaji, ulizeni tu ndani mna nini na kwa kiasi gani. Kopo la mama liliandikwa “mimea 12 ya asili”, basi. Anayejiita daktari, tafuteni jina lake mtandaoni kwenye orodha ya baraza la madaktari, KMPDC. Dawa mnayoishuku, iripotini kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Kopo la tatu, ambalo halikuwa limefunguliwa, nililipeleka huko mwenyewe.

Magoti ya mama yameanza kuuma tena. Anafanya mazoezi aliyofundishwa na mtaalamu wa viungo, na ngazi anazishuka akishika ukuta. Asubuhi ya leo, kabla ya chai, sukari yake ilikuwa 8.1.