Unakula samaki kushusha kolesteroli? Angalia kwanza sufuria

Mtu akiambiwa kolesteroli yake imepanda, ushauri huwa uleule: acha nyama nyekundu, kula samaki. Ni ushauri mzuri, ila wengi hudhani faida yote iko kwenye mafuta ya omega-3. Omega-3 hushusha hasa trigliseridi, aina nyingine ya mafuta yaliyomo kwenye damu. Kolesteroli mbaya, yaani LDL, haiigusi sana. Kwa LDL, tazama protini ya samaki, na zaidi ya hapo tazama samaki huyo kachukua nafasi ya chakula gani.

Ini hutumia kolesteroli kutengeneza asidi za nyongo. Zikishasaidia kumeng'enya mafuta, karibu asilimia 95 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini. Panya waliolishwa protini ya samaki badala ya kaseini, protini ya maziwa, wameonekana kutoa asidi nyingi zaidi kwenye choo. Maelezo yanayotolewa ni kwamba vipande vya protini hiyo hushikana nazo utumbuni, zisifyonzwe. Ini likipungukiwa, huchota kolesteroli kwenye damu ili litengeneze nyingine. Samaki pia ana taurini, aina ya asidi ya amino, ambayo ini huiunganisha na asidi hizo. Kwa binadamu matokeo ni madogo na yanatofautiana, kwa hiyo samaki si mbadala wa dawa.

Mafuta mgando (kwa Kiingereza saturated fat) ndiyo yanayoharibu hesabu. Hupunguza vipokezi vya ini vinavyoondoa LDL kwenye damu. Mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku anashauriwa asizidi gramu 20 hivi za mafuta hayo. Kikombe cha tui zito, mililita 200, kinaweza kuwa na gramu 40 za mafuta, na sehemu kubwa ni mgando. Changu wa kupaka aliyezama kwenye tui la namna hiyo hashushi kitu. Mawese nayo, karibu nusu yake ni mgando. Kama mchuzi bila nazi hauliki nyumbani kwenu, tumia tui la pili, jepesi, nusu kikombe kwa sufuria ya watu wanne, na ulitie mwishoni.

Kwa sato au sangara, chukua mnofu mbichi wa gramu 150 kwa mtu. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti kwa sufuria nzima, weka kitunguu saumu, bizari na nyanya, acha ziive hadi ziwe rojo, ndipo upange samaki. Funika, moto mdogo, dakika 12 hadi 15. Usikoroge, tikisa sufuria tu, la sivyo mnofu unamung'unyika. Tia bamia: utelezi wake ni nyuzinyuzi zinazonasa nyongo, na kwa kazi hiyo nyuzinyuzi za namna hiyo, hasa za maharage na shayiri, zina ushahidi imara kuliko samaki mwenyewe.

Dagaa wakavu ni protini ya bei nafuu. Gramu 40 hutoa takriban gramu 20 za protini. Toa vichwa na matumbo, kwani uchungu hutoka huko. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, kila mara ukiwanyanyua kwa mkono. Ukimwaga maji pamoja nao, mchanga ulioshuka chini unawarudia. Wakiwa wa chumvi, waloweke nusu saa kwanza. Kisha wachemshe na nyanya. Kuwakausha kwenye mafuta yaliyorudiwa kukaangia ni kujirudisha nyuma.

Kula samaki angalau mara mbili kwa wiki, siku ambazo ungekula nyama ya mafuta. Ukimwongeza juu ya nyama, usishangae kipimo kikibaki palepale. Pima tena baada ya wiki 6 hadi 12. Anayetumia statini, dawa za kushusha kolesteroli, asiache bila daktari. Mwenye gauti, ugonjwa wa viungo unaotokana na asidi ya yuriki, apunguze dagaa, kwa sababu wana purini nyingi, ambazo mwilini hugeuka asidi hiyo, na mgonjwa wa figo aulize kwanza kiasi chake cha protini.