Ukitaka kufundisha watu haki zao, usingoje kampeni

Kila uchaguzi ukikaribia hapa Uganda semina zinaota kama uyoga. Watu wanaitwa holini, soda moja, pesa ya transpoti, wanaambiwa kura yako ni sauti yako, picha zinapigwa, kila mtu kwao. Mimi hii kazi ya elimu ya uraia naifanya huku Busia kwa kujitolea, mara stejini kwa wanaboda, mara kwa kina mama wa kikundi cha akiba, na wewe unayetaka kuanza kwenu nakwambia tu ukweli, ile ya holini haishiki.

Anza na kinachomuuma mtu. Kijana wa boda ukimtajia demokrasia anaangalia simu yake. Lakini mwambie bondi ya polisi, ile dhamana ya kutoka kituoni, ni bure, na Katiba kifungu cha 23 inataka mtu aliyekamatwa kwa kosa afikishwe kortini ndani ya masaa 48, hapo anazima injini kabisa. Ataanza kukuuliza mwenyewe, sasa kama ni bure mbona nililipa, nani anawasimamia hawa, na nikitaka kulalamika naenda wapi? Tayari mko kwenye siasa na hujataja chama hata kimoja.

Kwa kina mama ilikuwa kisima. Pampu imekufa, wanaambiwa bajeti ipo, bajeti ipo, na hakuna mtu ameiona. Tukasoma pamoja ile sheria ya mwaka 2005 ya kupata habari za serikali, kwamba raia yeyote anaweza kuomba kwa maandishi na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 21. Barua tukaandika, kimya, tukaandika ya pili na safari hii mama mmoja akaipeleka kwa mkono akadai wamgongee muhuri kwenye kopi yake. Baadaye afisa akaja kikaoni na karatasi za hesabu. Kisima hakikutengenezwa wiki hiyo, tusidanganyane, ila wale kina mama sasa kikao cha bajeti wanajua kinakaa lini na wanaenda hata bila kuitwa.

Halafu LC1, yaani baraza la kijiji, watu wanaidharau sana! Wanadhani ni mzee mmoja na muhuri wake wa barua za kitambulisho. Kumbe kisheria baraza la kijiji ni wakaazi wote wa miaka 18 kwenda juu, wewe tayari ni memba, mwenyekiti na kamati yake wanajibu kwako. Mwaka 2018 tulipanga mstari nyuma ya wagombea baada ya kukaa tangu 2001 bila uchaguzi wa LC1, na nikikumbuka hiyo miaka yote sishangai kwamba vijana wengi hawakujua wanapanga mstari kwa ajili ya nini.

Mambo ya sukari na sabuni za wagombea mimi sihubiri. Nasema tu kwamba sheria inamkataza anayetoa na anayepokea pia, na kwamba kura ya rais na mbunge ni ya siri, hakuna wa kujua ulichoweka tiki. Mama mwenye watoto watano hahitaji kukemewa na mtu aliyekula asubuhi. Ninachokazia ni kuhesabu: kura zinahesabiwa palepale kituoni baada ya saa kumi jioni, mbele ya waliopo, na matokeo yanaandikwa kwenye fomu ya DR, yaani fomu ya kutangaza matokeo. Hiyo fomu wengi hawajawahi hata kuisikia.

Sasa ya kujilinda. Rangi za vyama usivae, si njano, si nyekundu, bluu pia iache nyumbani. Mwambie mwenyekiti wa LC mapema, na GISO, yule afisa usalama wa serikali wa eneo lenu, ajue, si kwa woga, ni ili usije ukakatizwa katikati ukaonekana una jambo la kuficha. Tumia lugha ya watu, kwetu ni Kiswahili na Kisamia vimechanganywa. Katiba yenyewe kifungu cha 4 inaitaka serikali iitafsiri kwa lugha zetu na kuifundisha mashuleni mpaka jeshini, na hii ni Katiba ya 1995.

Na kama una pesa kidogo ya kopi, toa ukurasa wenye vifungu vya Katiba vya 4, 23 na 41 (hicho cha 41 ni haki ya kupata habari za serikali), uache stejini. Usikusanye majina wala namba za simu, watu watakukimbia.