LibreOffice kwa barua na hesabu za duka

Dada, umeuliza kama LibreOffice, programu ya kazi za ofisi, itakutosha kwa barua na hesabu za duka nyumbani, bila kulipia leseni. Itakutosha kabisa. Writer ni ya barua, Calc ni ya hesabu, na ukishaisakinisha unafanya kazi hata bando likiisha. Ipakue libreoffice.org tu, si kwingine. Ukiombwa mchango, si lazima.

Pa kuangalia ni kwenye kuhifadhi. Writer huhifadhi barua kwa odt, aina yake ya faili, na steshenari nyingi zina Word ya Microsoft, hivyo mpangilio unaweza kuvurugika ikifunguliwa huko. Ya kuchapisha itoe kama PDF, haitahama hata mstari. Ya kuhaririwa na mwenzako, chagua docx, aina ya faili ya Word, ila nakala yako ya odt usiifute.