Nimechagua mji ambao mlima hauonekani

Swali lenu la wiki hii linasema: ukihama Nairobi ukaishi mji mdogo kando ya Mlima Kenya, ungechagua upi, na kwa nini? Nadhani barua nyingi mtakazopokea zitasema Nanyuki. Yangu inasema Nkubu.

Kwa asiyeijua, Nkubu iko Imenti Kusini, kaunti ya Meru, kama kilomita kumi na tano kabla ya kuingia Meru mjini ukitokea Embu. Nimelala pale siku tisa mwezi wa Julai na kilele cha mlima sikukiona hata mara moja. Asubuhi ukungu, mchana manyunyu, jioni ukungu tena. Mume wangu alisema tumesafiri zaidi ya kilomita mia mbili kuja kutazama blanketi.

Mimi ni fundi wa cherehani, mzaliwa wa mtaa wa Majengo, Pumwani, Nairobi, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimeshona sare za shule. Mwaka jana mwenye nyumba alituita akasema kiwanja kinajengwa ghorofa, tutafute kwingine. Watoto wamejitegemea, na mume wangu, ambaye ana kisukari, hana tena haja ya kwenda kazini. Basi tukasema, badala ya kutoka Majengo kwenda Umoja, kwa nini tusiende mbali kabisa? Yeye ndiye mwenye mapenzi na mlima. Asubuhi baada ya mvua ya usiku hupanda juu ya paa kwa dada yake Eastleigh, na siku hewa ikiwa safi anauona kule mbali, karibu kilomita 150, mweusi na mdogo kama jino lililovunjika. Akishuka anakuwa mtu mwema mpaka saa sita.

Mlima Kenya una barabara inayouzunguka wote. Ukishika njia ya Karatina unapita Naro Moru, Nanyuki, Timau, Meru, Nkubu, Chogoria, Chuka, Embu, halafu unarudi ulikotoka. Tuliizunguka mara mbili kwa matatu: mara ya kwanza Februari, mara ya pili Julai. Hili la kwenda mara mbili ni wazo langu na najivunia nalo. Februari ni mwezi mbaya kwa upande wa Nanyuki kwa sababu ya ukame. Julai ni mwezi mbaya kwa upande wa Meru na Embu kwa sababu ya baridi na ukungu. Mchumba humwoni tabia siku ya Idi. Mtembelee siku maji yamekatika.

Tofauti ya pande hizi mbili nilielezwa na mwalimu mmoja wa jiografia niliyekaa naye kiti kimoja kutoka Karatina, na tangu hapo siwezi kuutazama mlima bila kuikumbuka. Pepo zenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, upande wa kusini-mashariki. Zikigonga mlima hupanda, hupoa, na kumwaga mvua papo hapo. Zikivuka ng'ambo zimeshakauka. Ndiyo maana miteremko ya kusini-mashariki hupata hadi milimita 2,300 za mvua kwa mwaka, na ile ya kaskazini kama 900 tu. Sasa piga hesabu mwenyewe. Nanyuki mlima unaonekana vizuri kwa sababu mawingu ni machache, na mawingu ni machache kwa sababu mvua ni haba. Mandhari na kiu vimefungwa kwenye kifurushi kimoja, na muuzaji hakubali kukifungua.

Februari ile Nanyuki ilinipendeza, nisiseme uongo. Kuna msikiti mkubwa, kuna mtaa wao wa Majengo kama wetu, na Kiswahili kinatembea kila kona kwa sababu mji wenyewe ni wa watu waliokuja: Wakikuyu, Wameru, Wasomali, wanajeshi wa anga, Waingereza wanaokuja mazoezi ya kijeshi. Hakuna anayekuuliza kwenu ni wapi. Saa kumi na mbili asubuhi mume wangu alikuwa ameshasimama nje na kikombe cha chai, kilele kile cha mita 5,199 kiko mbele yake chote. Kufikia saa nne mawingu yakafunga. Akarudi ndani, akaenda bafuni, bomba likakohoa.

Mama mwenye nyumba ya wageni alitununulia maji ya mkokoteni, mitungi sita, bila kushtuka, kama mtu anayenunua mkate. Nikamuuliza inakuwa hivi mara ngapi. Akasema, "Dada, kiangazi kikishika, maji ni ya zamu." Mito ya upande ule, Naro Moru, Burguret, Likii na mingineyo, yote huishia Ewaso Ng'iro, na huko chini wafugaji wa Isiolo na Samburu wanayasubiri hayo hayo maji. Juu kuna mashamba ya maua na mboga za kuuzwa Ulaya. Katikati wapo wakulima wadogo wa Kieni na Laikipia. Wana vyama vya watumiaji maji, vilivyotambuliwa na Sheria ya Maji ya 2002, ili wagawane kwa zamu badala ya kugombana, na nasikia vinasaidia. Lakini mimi ninayetoka Nairobi na ndoto ya bustani ya maua nyuma ya nyumba, naenda kuchomeka mrija wangu kwenye mto ambao tayari una foleni. Roho ilisita.

Halafu kuna kodi. Barabara ya njia nne ya Kenol hadi Marua, kilomita 84, imewafanya watu wa Nairobi wafike Nanyuki Ijumaa jioni bila jasho, na kila anayefika anataka kanyumba. Vyumba viwili tulivyoonyeshwa vilikuwa na bei ambayo niliiacha Eastleigh. (Treni nayo ilirudi Desemba 2020. Ni ya kufurahia safari, si ya mtu mwenye haraka.)

Kila mji niliuliza maswali mawili. La kwanza niliwauliza vijana wa bodaboda: saa tano usiku, mzee wangu sukari ikishuka, mtampeleka wapi? La pili nilimuuliza fundi mwenzangu yeyote niliyemkuta na cherehani barazani: kazi inakuja lini, na uzi mnanunua wapi? Fundi atakudanganya kuhusu siku ya kuchukua nguo, lakini bei ya uzi hadanganyi.

Naro Moru ilianguka kwenye swali la kwanza. Mahali pazuri, watu wapole, njia ya kupandia mlimani inaanzia pale, lakini wale vijana walitazamana, mmoja akasema, "Nyeri ama Nanyuki, mama, itategemea gari litakalopatikana." Timau sikukaa. Iko juu ya mita 2,300, na magoti yangu yalinijulisha hivyo kabla sijashuka kwenye gari. Kitu kimoja tu cha kule nitakikumbuka: tembo wana njia yao chini ya barabara kuu, iliyofunguliwa 2011, wapite kutoka msituni bila kugongwa. Mimi na miaka yangu yote Gikomba navuka barabara kwa kudra ya Mungu.

Chogoria nusura inichukue. Hospitali ya kanisa la Presbiteri, PCEA, iko pale tangu 1922, na ukiuliza swali langu la saa tano usiku wanakuonyesha kwa kidole. Kuna majani chai, kuna mito, kuna hewa. Ningekuwa Mpresbiteri barua hii ingeishia hapa. Lakini Ijumaa mume wangu aliulizia msikiti mpaka akachoka, na mtu wa umri wake hahamishiwi mahali ambapo atazikwa na wageni. Pia lipo daraja la Nithi kwenye barabara ya Embu–Meru. Julai 2022 basi lilitumbukia pale, na zaidi ya watu thelathini wakapoteza maisha. Nkubu nayo iko kwenye barabara hiyo hiyo, kwa hiyo siwezi kujifanya nimelikwepa. Ninachoweza ni kusafiri mchana, na dereva akikimbia nampigia kelele. Nimeshafanya hivyo mara mbili na sikuona haya.

Nkubu basi. Mji wenyewe ukiupita kwa gari utadhani ni soko tu. Ndizi kila mahali, mikungu imepangwa kando ya barabara, malori yanapakia ili yakeshe njiani yafike Nairobi alfajiri. Hapo ndipo akili yangu ya biashara iliamka: lori linalokwenda na ndizi hurudi na nafasi. Nimeongea na dereva mmoja, marobota yangu ya vitambaa kutoka Eastleigh yatapanda kwa bei ambayo matatu haiwezi kunipa.

Vijana wa bodaboda hawakufikiri hata kidogo. Hospitali ya misheni ya Consolata iko hapo hapo mjini. Maji nyumba tuliyopata yanatoka mradi wa wanakijiji, yanateremka kwa bomba kutoka juu bila pampu, na yule shosho jirani alinishangaa nilipouliza kama hukatika. "Yakikatika tunapanda kuangalia ni mti gani umeangukia bomba," akasema. Msikiti, mtaa wa Majengo, benki na mengine yote yako Meru mjini, dakika chache kwa matatu. Katikati ya safari unavuka ikweta. Mume wangu sasa anajisifu kwamba ataswali kaskazini mwa dunia na kulala kusini.

Fundi niliyemkuta Nkubu, kijana mwenye mashine mbili, alinipa kalenda yake yote kwa sentensi moja: "Mama, sare ni Januari, harusi ni Agosti na Desemba, katikati ni zipu." Shule za bweni upande ule ni nyingi. Zipu sizidharau, zimenisomeshea watoto.

Kasoro ninazijua. Unyevu wa Julai unashika vitambaa; robota moja nililoliacha sakafuni siku nne lilikuwa limeanza kuota kuvu. Itabidi rafu, na jiko la makaa kwenye kona huku dirisha likiwa wazi. Umeme hukatika upepo ukivuma, kwa hiyo cherehani ya kukanyaga, ambayo binti yangu alitaka niiuze kama chuma chakavu, inakuja nasi. Matope yake ni mekundu na hayatoki kwenye pindo jeupe. Na Kimeru sikijui. Ninajua "Muga" ya kusalimia, nikiitikiwa kwa maneno zaidi nacheka tu, nao wanahamia Kiswahili bila kuninunia.

Kitu kimoja kwa wanaopanga kununua kiwanja moja kwa moja: ngojeni. Binamu yangu alinunua sehemu ya shamba upande wa Laikipia miaka mingi iliyopita. Alichopewa ni cheti cha hisa, si hati ya kiwanja, na mpaka leo anakitunza kwenye fremu kwa sababu hakuna kingine cha kufanya nacho. Shamba la kilimo linahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ya eneo lile, na msako wa hati kwenye ofisi ya ardhi ufanye mwenyewe, usitumiwe picha kwa simu. Sisi tumekodi mwaka mmoja. Tukivumilia Julai ya pili, ndipo tutazungumza habari ya kununua.

Mume wangu alikubali Nkubu kwa sharti moja. Kila Januari tutapanda matatu hadi Nanyuki, tulale usiku mmoja, autazame mlima wake kuanzia saa kumi na mbili mpaka mawingu yafunge, kisha turudi kwenye maji. Nauli ni yake.