Uliza Nani Yuko Zamu Usiku

Wiki hii dada mmoja wa Faza, visiwani Lamu, ameniandikia. Ana mimba ya miezi minane, ya kwanza. Mavyaa wake kamwambia mwanamke wa kweli huzaa kimya. Mumewe ataka akazalie Mombasa adungwe sindano ya mgongo ya kupunguza uchungu. "Da, nifuate la nani?" Nilimjibu mistari miwili tu, wanangu walikuwa wananing'ang'ania, lakini swali limenikaa. Jibu refu ndilo hili, na nyinyi wengine wenye matumbo msome pia, maana najua sote twataka kitu kimoja: kuzaa salama na kutoka leba na heshima zetu.

Dada, umenitajia la mavyaa na la mume. Lako hukulitaja.

Kifungua mimba wangu nilimzaa hapa Malindi. Kliniki nilihudhuria zote. Nikapimwa damu, nikapimwa presha, nikapewa vidonge vya kuongeza damu na neti. Juu ya maumivu yenyewe hakuna aliyefungua mdomo. Usiku ule uchungu uliponishika sawasawa nilimwomba muuguzi dawa yoyote ya kunipunguzia. Akanitazama, akasema, "Ulipokuwa ukistarehe hukuniita." Wenzangu mle leba wakacheka, kisha zamu zao zikafika, nao wakalia. Nilipiga mayowe mpaka alfajiri, sikatai.

Zamu ilipobadilika akaja mkunga mwingine, mama mtu mzima. Akanipima, akaniambia taratibu: "Mwanangu, sindano ya pethidini ninayo, ila sasa umefunguka sentimita tisa. Nikikudunga saa hii mtoto atatoka na usingizi, huenda akachelewa kuvuta pumzi na kunyonya. Ungeipata saa sita usiku ingekufaa." Huyo namwombea dua mpaka leo. Yule wa kwanza nimemsamehe, au nasema nimemsamehe.

Basi kurudi nyumbani, hata arubaini haijatimia, mavyaa wangu keshawahadithia majirani kuwa nimepiga kelele nikaaibisha ukoo. Kila aliyeniletea uji wa pilipili manga aliniuliza, huku akicheka, kama sauti imerudi. Nilikuwa mdogo, nikanyamaza. Leo ningewajibu. Sura waliyonisomea usiku ule ili nipate wepesi ni Sura Maryam. Ndani yake Bibi Maryamu uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, akatamani laiti angekufa kabla ya hayo. Na jibu alilopata halikuwa lawama. Aliambiwa asihuzunike, kuna kijito chini yake, na autikise mtende zimwangukie tende mbivu. Akapewa maji, chakula na maneno ya kumtuliza. Hatukusomewa kuwa alikemewa kwa kulalamika, jamani! Wala msidhani ubishi huu ni wa Pwani peke yake. Uingereza nako walibishana, wengine wakidai uchungu wa kuzaa ni amri ya Mungu isiyofaa kuguswa, mpaka Malkia Victoria mwenyewe akavutishwa klorofomu, dawa ya kupunguza uchungu, akimzaa mwanawe Leopold mwaka 1853. Hakuna aliyemwambia si mwanamke.

Wa pili nilimzaa Mombasa, na safari hii nilikwenda na maswali yangu yameandikwa nyuma ya kitabu cha kliniki. Nilitaka epidurali, ndiyo hiyo sindano ya mgongo anayoitaka mumeo, nikaipata. Daktari wa nusu kaputi alinikalisha ukingoni mwa kitanda, nijikunje kama kamba wa baharini, nisitikisike hata uchungu ukija. Kutulia huko ndiko kugumu, si sindano. Akaifisha ganzi ngozi, akaingiza sindano chini ya mgongo, akapitisha mrija mwembamba, kisha sindano akaitoa. Mrija ndio unaobaki, na dawa hupitia humo kidogo kidogo. Baada ya kama dakika 20 nilikuwa nauona uchungu kwenye mashine, tumbo linakaza kweli, na mimi nazungumza na ndugu yangu kwenye simu habari za mahamri. Nilizaa nikicheka. Mavyaa aliposikia alisema, "Huyu hakuzaa, kazalishwa." Sawa. Mtoto ana jina lake yeye, na sioni mjukuu mwingine anayempenda hivyo.

Ila nisije nikakuuzia nusu ya habari. Miguu ilikuwa mizito, nikakatazwa kushuka. Niliwekewa mpira wa mkojo, dripu mkononi, na presha ikapimwa kila mara kwa kuwa dawa ile yaweza kuishusha. Kusukuma kulichukua muda, na ni kweli kwamba waliodungwa huhitaji zaidi kuvutiwa mtoto kwa mashine. Kama mmoja hivi katika 100 hupata baadaye kichwa kinachouma vibaya anapokaa au kusimama, kina tiba. Lakini hayo maumivu ya mgongo ya maisha tunayotishwa nayo vibarazani, watafiti wameyatafuta hawakuyaona. Wala epidurali haiongezi nafasi ya kupasuliwa. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ambaye damu yake haigandi vizuri, aseme mapema, maana huenda asiruhusiwe kabisa. Na msiichanganye na sindano ya mgongo ya upasuaji. Ile hupigwa mara moja, huingia ndani zaidi, hufanya kazi upesi na mrija haubaki. Shoga yangu aliyepasuliwa hubishana nami kila harusi kuwa tumedungwa kitu kimoja.

Pethidini nimeshaigusia. Hudungwa pajani au takoni, hukaa saa mbili mpaka nne, hulegeza na kuleta usingizi, wengine hutapika. Uchungu hauishi, unakuwa mbali kidogo. Kuna na gesi, nusu oksijeni na nusu oksidi ya nitrasi, unajivutia mwenyewe mara tumbo linapoanza kukaza na kuacha likilegea. Uzuri wake huondoka mwilini ndani ya dakika chache. Ubaya wake bila mtungi hakuna gesi.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilisema wazi: mwanamke mwenye afya anayeomba kupunguziwa uchungu aweza kupewa epidurali au dawa za jamii ya pethidini, na pia mbinu za kupumua, kukandwa na kuwekewa kitu cha moto, kwa hiari yake. Kwa hiari yake! Hawakusema kwa hiari ya mavyaa. Na anayetaka kuzaa bila dawa yoyote naye ana haki yake, asichekwe na sisi wa Mombasa. Atembee, apige magoti, abadilishe mikao, aoge maji ya vuguvugu. Ila hizo dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu, za kunywa kwa siri chooni, ziacheni. Zaweza kulikaza tumbo la uzazi kupita kiasi na mtoto akakosa hewa.

Sasa wewe wa Faza. Kabla hujachagua dawa, jua ilipo. Nenda hospitali unayokusudia kuzalia na uulize: hapa kuna nini cha kupunguza uchungu? Daktari wa nusu kaputi huwepo usiku, au huitwa kutoka nyumbani, au hayuko kabisa? Pethidini huisha? Gesi ipo au mtungi umebaki pambo? Ukiambiwa "zipo zote", uliza tena nani yuko zamu usiku. Epidurali isiyokuwa na mtu wa kuidunga na wa kukuangalia baada yake si chaguo, ni hadithi. Na majibu yaandikwe kitabuni, kwa sababu ukishashikwa hutakumbuka hata jina la baba yako.

Ukichagua Mombasa, usingoje uchungu uanze. Kutoka Faza una mashua mpaka Mokowe, halafu barabara ya Witu na Garsen, halafu Malindi, na baada ya Malindi bado kama kilomita 120. Bahari ya kusi haimsubiri mtu. Tangulieni wiki kadhaa kabla, mkae kwa jamaa. Mume anayetaka sindano aulize bei mwenyewe, ya mchana na ya usiku, na bei ya kupasuliwa ikitokea, asije akakuambia mlangoni kwamba pesa hazikutosha. Ukichagua kubaki karibu na kwenu, nalo ni chaguo, mradi umeshajua utapewa nini na saa ngapi ya kuomba.

Na mavyaa wako usimfukuze, kuwa na mtu wako leba husaidia kweli. Mpe mafuta ya nazi na kazi: akukande chini kabisa ya mgongo kwa kiganja, asukume tumbo linapokaza, aachie likilegea. Akianza kukuambia unyamaze, mwombe mkunga amtoe nje.